Kilomita Elfu Sita Bila Kutoka Chumbani

Mpwa wangu, usiku ule wa Idd ulipoingia ndani na betri ya pikipiki yako mkononi, ukaichomeka ukutani hatua mbili tu kutoka kitanda cha bibi yako, mimi niliinuka kimya kimya, nikaichomoa na kuitoa uani. Ulicheka sana. Ukawaambia wenzako kwamba mjomba ameshazeeka, anaogopa betri kama mtoto anavyoogopa popobawa. Sikukujibu, kwa sababu palikuwa na wageni, pilau lilikuwa linapoa, na jibu lenyewe si la kutolewa mtu akiwa amesimama mlangoni na waya mkononi. Jibu lile lina umri wa miaka ishirini na zaidi, na linaanzia mbali na Tanga, kwenye mji mdogo uitwao Anting, pembeni mwa Shanghai. Leo nina nafasi. Vuta kigoda.

Nilikwenda Uchina Septemba 2001, nina miaka ishirini na tisa, stashahada ya juu ya ufundi mitambo kutoka DIT, na sanduku moja ambalo bibi yako alilijaza sabuni na dagaa kana kwamba nahamia jangwani. Ulikuwa udhamini wa serikali ya kule. Mwaka wa kwanza tulikaa Beijing tukifundishwa lugha, tukiirudia “ma” kwa sauti zake nne mpaka koo linakauka. Mwaka wa pili nikapelekwa Shanghai. Posho yangu ilikuwa yuan 800 kwa mwezi. Dola moja enzi hizo ilikuwa yuan nane na chenji, na kiwango hicho hakikutikisika mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: haikufika dola mia. Lakini andazi la mvuke lenye nyama ndani, wanaloliita baozi, lilikuwa jiao tano, yaani nusu yuan, na bakuli la tambi za mchuzi yuan tatu, na yule mama muuzaji akikuzoea anakutupia na yai. Nilishiba. Mwisho wa mwezi nilibaki na za kununulia kadi ya simu, nikampigia mama yako, ambaye wakati huo hata hajaota kukuzaa, dakika kumi za mwangwi na “hallo, hallo, unanisikia?” Wazee wa kule ukiwaambia unatoka Tanzania uso ulifunguka hapo hapo: “Tan-Zan tielu!” Reli ya TAZARA hiyo. Vijana wao waliniuliza habari za simba.

Mwaka niliofika ndio mwaka ambao serikali yao iliyaingiza magari ya umeme katika Mpango 863, ule uliozaliwa Machi 1986 baada ya wanasayansi wanne kumwandikia barua Deng Xiaoping, na ndiyo maana ukaitwa hivyo, kwa mwaka na mwezi wake. Fedha zikaanza kushuka, na vyuo na viwanda vikachangamka. Jina la Wan Gang lilitajwa kila ukipita: bwana aliyefanya kazi Audi kule Ingolstadt kwa miaka mingi, kisha akarudi Chuo Kikuu cha Tongji kuongoza utafiti wa magari hayo. Mwaka 2007 akawa Waziri wa Sayansi na Teknolojia. Mimi sikuwahi kukaribia daraja hilo. Mimi nilikuwa chini kabisa, kwenye sakafu ya zege, grisi imejaa kucha, katika maabara moja ya kupimia magari nje kidogo ya Anting. Jina lake nitalibana, maana mengine nitakayoyasema yanawahusu watu ambao bado wapo. Mji wenyewe uliishi kwa magari. Kiwanda cha ubia na Volkswagen kilikuwa pale tangu 1985, na teksi zote ulizoziona Shanghai zilikuwa Santana. Asubuhi barabara ilinuka rangi na moshi wa dizeli, lakini ikifika mwisho wa Septemba miti yao ya guihua ilichanua, vijiua vidogo vya njano, na mji mzima ukanuka embe bivu lililolazwa na asumini. Nilizoea kusimama getini kuvuta pumzi kama mgonjwa kabla ya kuingia ndani kwenye harufu ya mpira.

Harufu ya mpira ilitoka kwenye rola. Katikati ya jengo sakafu ilikuwa imekatwa, na shimoni mlikuwa mmelazwa mapipa ya chuma yanayozunguka, mgongo tu ukionekana juu. Unaliingiza gari mpaka magurudumu ya mbele yakalie mapipa hayo, unalifunga kwa minyororo, unaweka mbele yake feni kubwa kama mlango wa ghala ili lipate upepo wa safari, kisha unaendesha. Gari linakimbia, rola zinazunguka, na hakuna kinachokwenda popote. Lakini usidhani zinazunguka bure. Kwenye mhimili wake zilifungwa sahani nzito za chuma, unaongeza au kupunguza kulingana na uzito wa gari, ili likitaka kuongeza mwendo liuhisi mwili wake lenyewe. Na kando kulikuwa na breki ya umeme iliyolivuta nyuma kwa kadiri ya upepo na msuguano wa barabara. Gari lilikuwa linadanganywa, mpwa wangu, lakini lilidanganywa kwa hesabu.

Dereva nilikuwa mimi. Walisema mguu wangu ni mtulivu. Nadhani wenzangu walikuwa wameshachoka. Mbele ya kioo palikuwa na skrini, na kwenye skrini mstari unaopanda na kushuka: panda hadi kilomita 15 kwa saa, simama, 32, simama, 50, shuka 35, simama. Huo ni mwendo wa mjini, unaurudia mara nne, kisha unaingia barabara kuu mpaka 120. Kanuni yenyewe ilitoka Ulaya. Sekunde 1,180, kilomita kama 11, na kazi yangu ilikuwa kuufuata mstari ule bila kuuacha kwa zaidi ya kilomita mbili kwa saa, juu wala chini. Ukimaliza, unaanza upya, na tena upya, mpaka betri iseme basi. Gari letu la majaribio, saluni ndogo iliyong'olewa injini ikawekwa mota, lilimaliza mizunguko kumi na miwili siku likiwa na afya njema. Hizo ni saa nne kasoro dakika chache za kukanyaga mafuta. Nasema mafuta, ulimi wa dereva mgumu kubadilika. Mafuta hayakuwamo.

Kilichonishangaza siku ya kwanza kilikuwa kule kusimama. Nilipoachia pedali, mshale wa ampea uliokuwa umelalia kulia ukarudi, ukaivuka sifuri, ukalalia kushoto. Mota imegeuka dainamo, umeme unarudi betrini. Mimi ni mtoto wa mabasi ya Lushoto. Nikakumbuka breki zinavyonuka moto kutoka Soni kushuka Mombo, utingo ananing'inia mlangoni na gogo mkononi, akina mama wanasoma kila dua wanayoijua, nikafikiri: tumeunguza umeme kiasi gani kwenye mlima ule tangu enzi za Mjerumani?

Matairi ya gari lile yangekuchekesha. Ya mbele yalilika mpaka yakawa kama kipara, tukabadilisha, yakalika tena. Ya nyuma, kwa kuwa yalisimama tu sakafuni, yalibaki na zile nywele za mpira zinazotoka nazo kiwandani, mpya kabisa, kama masharubu ya paka. Na spidomita ilisoma kilomita elfu sita na ushee. Kutoka Tanga hadi Dar na kurudi, karibu mara tisa, ndani ya chumba kimoja.

Mwenye chumba, ingawa hakuwa na cheo chochote, alikuwa Shifu. Ndivyo wanavyomwita fundi mkuu kule, na sikumbuki kama kuna aliyemwita kwa jina lake. Mtu wa miaka hamsini na nane hivi, mfupi, uso umekunjamana kama mfuko wa karatasi, anavaa vile vifuniko vya mikono vya kitambaa kama karani wa zamani, na haachi chupa yake ya chai, chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya kahawa, majani yakielea juu nusu nzima. Ujana wake aliumalizia kwenye kupima injini za dizeli za matrekta. Aliweza kuweka kiganja kwenye nyumba ya mota na kukutajia joto lake, na ukipima unakuta kakosea nyuzi mbili. Hakupenda kuongea. Ukikosea alikutoa kwenye kiti, akafanya yeye, akakurudisha. Kazini alikuja na baiskeli ya umeme aliyoinunua yuan 1,700, yenye betri za asidi kama za gari. Kila asubuhi aliichomoa betri, akapanda nayo ngazi akihema, akaichaji kwenye soketi ya maabara, jambo lililokatazwa kwa tangazo lililobandikwa juu ya soketi ile ile. Getini baiskeli za namna hiyo zilijipanga kwa makumi, zimefunikwa plastiki. Ndani wahandisi walibishana kuhusu gari la kesho, na nje makarani na wapishi walikuwa wameshalipanda, wamefunga na kabeji nyuma.

Mashine nyingine nizipite upesi. Palikuwa na chumba cha baridi, unaiweka betri kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ikitoka humo imekuwa mvivu kama mimi Januari. Palikuwa na meza ya kutikisa, iliyotetemesha jengo mpaka chai ya Shifu ikafanya mawimbi. Palikuwa na tangi la maji la kuzamisha vifaa kina cha mita moja kwa nusu saa. Na palikuwa na ukuta mzima wa makabati ya kuchaji na kumaliza chaji, taa nyekundu, taa kijani, usiku na mchana, miezi kwa miezi, ukihesabu mara ngapi seli itajaa na kumwagika kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Hakuna kazi inayochosha kuliko hiyo. Kuiangalia ni kama kuangalia mnazi ukikua. Masika ya 2003 ulipoingia ugonjwa wa SARS, chuo kikafungwa geti, na asubuhi na jioni mtu akaja kutupima joto na kuandika kwenye jedwali: chumba, jina, nyuzi. Sisi tuliozoea kupima vidude tukawa ndio vidude. Shifu alilipenda sana jedwali lile. Alisema limepigwa mistari vizuri.

Sasa tufike kwenye sindano.

Nyuma kabisa ya jengo palikuwa na chumba kidogo cha chuma, mlango mzito kama wa kuhifadhia fedha, dirisha la kioo kinene, na feni ya kunyonya moshi juu. Ndani mna mashine moja tu: mkono wa haidroliki wenye sindano ya chuma mwisho wake. Unachukua seli, unaijaza chaji pomoni, unaibandika waya wa kupimia joto, unaifunga mezani, unatoka, unafunga mlango, na sindano inashuka kuitoboa ubavu mpaka upande wa pili, kisha inaachwa humo humo. Wapo wahandisi waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba jaribio hili ni la uonevu, nani ataendesha gari juu ya sindano? Shifu aliona sindano imesimama mahali pa uchafu: chembe ya chuma iliyodondokea ndani kiwandani, siku fundi alipokuwa na usingizi. Chembe hiyo huioni. Sindano unaiona.

Siku hiyo ilikuja kampuni moja na seli tatu ndani ya kisanduku kilichotandikwa kitambaa cha hariri, utadhani zinakwenda kuolewa. Mjumbe wao alikuwa kijana wa suti, mchangamfu, ametuletea na machungwa. Seli ya kwanza ilitobolewa, ikafoka kama sufuria ya mgandamizo, moshi mweupe, joto likapita nyuzi mia, likashuka. Ya pili vivyo hivyo. Kanuni ilikubali moshi. Ilichokataa ni moto na mlipuko. Ya tatu sindano ilipoingia, kimya. Joto likapanda hadi 48, likasimama pale. Yule kijana akapiga makofi. Akasema hii ndiyo iliyotengenezwa kwa utaratibu wao mpya, akaomba mlango ufunguliwe aipige picha, meza ya chakula cha mchana inangoja. Shifu akavuta kiti, akaketi mbele ya dirisha, akafungua chupa yake.

“Saa moja,” akasema.

Kijana akacheka, kisha hakucheka. Meneja wetu akaja, akanong'ona, akaondoka. Mimi mwenyewe, nakuambia kweli, nilikuwa na njaa na nilimlaani mzee yule moyoni. Dakika ishirini. Thelathini. Kwenye dakika ya arobaini hivi namba ikasoma 52. Halafu 57. Halafu 66, na kutoka hapo hazikuwa zinahesabika tena, zilikuwa zinakimbia. Ndani ya seli mna utando mwembamba wa plastiki unaotenga chanya na hasi, na utando huo ukifika kama nyuzi 130 unayeyuka; ukishayeyuka, pande mbili zinakutana, na joto linalotoka hapo linazaa joto jingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Sauti ilikuwa kama turubai linalochanwa. Kioo kikawa cheusi, kisha chekundu, kisha cheusi. Na ijapokuwa feni ilinguruma, harufu ilitufikia: kwanza tamu, kama gundi ya viatu na ndizi zilizopitiliza, ukataka kuivuta zaidi, halafu ikakukamata koo kama pilipili. Moshi ule una asidi ya floridi inayokula mapafu. Shifu alitusukuma nje wote kwa mikono miwili, mzee yule, nguvu sijui alizitoa wapi.

Tulipotulia, kijana, uso mweupe kama karatasi, akaomba lihesabiwe kuwa kosa la sindano, au taarifa iandikwe kwa seli mbili. Meneja hakumjibu, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu alikuwa anafikiri. Shifu alikuwa ameshaandika kwa kalamu ya wino: tarehe, namba ya seli, saa sita kasoro dakika nane, moto. Akamgeuzia kijana daftari asome.

“Nimeandika nilichokiona. Ukitaka kuandika ulichokitamani, leta karatasi yako.”

Hawakurudi tena. Kazi ya miezi mitatu ikapotea, na meneja hakumsalimia Shifu mpaka Mwaka Mpya wa Kichina. Machungwa tuliyala.

Mambo yamekwenda mbele tangu hapo, sikatai. Machi 2020 BYD walionyesha hadharani betri yao ya fosfeti ya chuma ikitobolewa bila moshi wala moto, na kemia hiyo kweli ni mpole kuliko zile za nikeli. Mwaka huo huo kiwango kipya cha Uchina, GB 38031, hakikulazimisha tena seli moja moja itobolewe, bali kikataka gari litoe onyo angalau dakika tano kabla moto wa seli moja haujawa hatari kwa waliomo. Dakika tano ni nyingi ukiwa kwenye kiti na mlango uko kando yako. Bibi yako, na magoti yake, dakika tano zinamfikisha ukingoni mwa kitanda. Unakumbuka nilikuuliza betri yako kama imewahi kuanguka? Ukasema mara moja tu, pale Mkata, ikabingirika mpaka mtaroni, lakini haikufanya kitu.

Nilibakiza miezi michache kurudi nyumbani gari letu lilipopata kibali cha kutoka. Septemba 26, 2004 Shanghai iliendesha mashindano yake ya kwanza ya Formula 1, kwenye uwanja mpya uliojengwa pale pale wilaya ya Jiading tulipokuwa, na ingawa hatukuwa na uwezo wa tiketi, tulikaa juu ya paa tukala mbegu za alizeti na kuusikiliza ule ukelele wa injini, kama nyuki milioni wamefungiwa ndani ya debe. Barrichello akashinda. Shifu hakupanda paani. Alikuwa chini na mega yake, ile mashine ya kupimia kama umeme unavuja, anapima nyaya za gari moja moja.

Tukalitoa wiki mbili baadaye, asubuhi ya manyunyu. Mwingine ndiye aliyepewa usukani, mwenye leseni ya kule. Mimi nilisimama getini na mwavuli. Minyororo ilifunguliwa, gari likarudi nyuma taratibu, likashuka kutoka kwenye rola, na kwa mara ya kwanza magurudumu yote manne yakazunguka kwa pamoja. Halikuwa na sauti. Ulisikia maji tu chini ya matairi, na yule mama wa baozi getini, aliyekuwa ametupa mgongo, alishtuka likishampita, akatutukana kwa lahaja ya Shanghai ambayo namshukuru Mungu sikuielewa yote. Likapita daraja, likapotea nyuma ya miti ya guihua. Tukangoja. Shifu alishika chupa yake bila kunywa.

Lilirudi baada ya nusu saa, limechafuka mpaka milangoni. Nikakimbilia kitambaa. Shifu akanishika mkono, akasema kwanza mega. Akabana vibanio, akasoma, akaandika namba na tarehe na neno mvua, akafunga daftari. Kisha akazunguka nyuma, akachuchumaa kwa shida, mkono mmoja kwenye bampa, na kwa kidole akapangusa tope juu ya tairi la nyuma kutafuta zile nywele za mpira. Zilikuwa zimelala.